Miti na vichaka vya maua: ununue upi, upi uuache kitaluni

Wengi tunakosea pale pale mwanzoni, tunaenda kitaluni wakati mti umeshachanua. Unaona maua, unalewa, unatoa hela, wiki mbili baadaye yamepukutika na umebaki na kichaka cha majani utakachokitazama miezi 11 yote. Ndo maana mi nimepanga kwa kuangalia mwaka mzima, siyo zile siku za kupiga picha. Na karibu yote humu inataka baridi ya kweli ili ichanue vizuri, kwa hiyo kama kwenu ni joto mwanzo mwisho usijisumbue nayo.

Namba 1, tufaha la mapambo. Kwangu haina mpinzani. Vitumba vinatoka pinki iliyokoza, vikifunguka vinakuwa vyeupe au pinki ya mbali, nyuki wanajaa mpaka mti unavuma, halafu majani yakianza kudondoka unabaki na vitunda vidogo vyekundu au vya njano, hivyo ndege watavishughulikia wenyewe. Mingi haizidi mita 6. Muulize tu muuzaji kama aina hiyo inahimili ukungu wa majani, zipo zinazopukutika zote katikati ya kiangazi na inaudhi.

Namba 2, kornasi ya aina ya kousa. Yale meupe unayoyaita maua siyo petali, ni majani yaliyogeuka, ua lenyewe ni kale kadude ka kijani katikati, na ndo maana hayanyauki haraka, yanakaa wiki kadhaa. Unachanua mwanzo wa kiangazi majani yakiwa yameshatoka, kwa hiyo baridi ya ghafla haiukuti. Bei yake imechangamka na unakua taratibu sana, ukiwa huna subira pita.

Namba 3, lilaki. Kwa harufu ingekuwa ya kwanza, jioni ukipita karibu lazima usimame. Ila hapa nina kidonda changu. Mwaka wa kwanza niliupogoa wakati wa baridi, nikaupunguza vizuri ukapendeza kama umetoka saluni, majira ya kuchipua yakafika nikasubiri, nikasubiri, hata ua moja! Kumbe vitumba vya mwaka huu vinajifunga kiangazi cha mwaka jana, kwa hiyo mi nilikata maua yote kwa mkono wangu na mkasi nikaunoa kabisa. Lilaki inapogolewa mara tu ikimaliza kuchanua, basi. Inataka jua la masaa 6 na zaidi kwa siku na haipendi udongo wenye tindikali. Chukua uliosimama kwa mizizi yake wenyewe, maana inatoa machipukizi mengi chini, na kama ni wa kubebesha, yaani umeungwa juu ya shina la mti mwingine, yale machipukizi ni ya shina la chini, siyo ya lilaki uliyolipia.

Namba 4, forsithia. Njano tupu kabla hata jani halijatoka, haifi kirahisi. Baada ya hapo haina jipya. Na kwa kweli usiinunue, omba kijiti kwa jirani, kinashika mizizi bila shida.

Namba 5, magnolia nyota. Mzuri mno, lakini usiku mmoja wa baridi kali na petali zote zinageuka kahawia kama ndizi iliyosahaulika. Usiupande panapopigwa na jua la asubuhi, petali zilizoganda zikiyeyuka haraka ndo zinaungua zaidi. Mizizi yake haipendi kuhamishwa, amua mahali mara moja.

Azalia na rododendroni, namba 6, ni kwa wenye udongo wenye tindikali tu, yaani pH 4.5 hadi 6. Pima kwanza. Na kama una mbwa au mbuzi achana nazo, ni sumu.

Wa mwisho, na najua nitatukanwa, cheri ya maua ya kijapani. Tangu Tokyo ipeleke ile miche kama 3,000 Washington mwaka 1912 kila mtu anautaka. Lakini maua yanakaa wiki moja hivi, mvua ikinyesha na upepo ndo basi, mizizi inatambaa juu juu inainua vigae, na aina nyingi za mapambo hazizeeki sana. Kautazame bustani ya umma, bure.

Ukifika kitaluni sasa, uchomoe mche kwenye chungu chake, usione aibu. Mizizi ikiwa imejizungusha kama kamba iliyosokotwa, rudisha, huo umekaa humo muda mrefu na utaendelea kujizungusha hata ardhini. Chukua wenye vitumba vilivyofungwa, uache uliochanua wote. Halafu soma lebo vizuri, ule urefu ulioandikwa mara nyingi ni wa baada ya miaka 10, mti haujui kusoma, utaendelea kukua.