GIMP kwa kazi za kukopi, kupesti na kusogeza picha: maoni yangu baada ya kuitumia Ngamiani

Mi nafanya kazi za picha Ngamiani hapa Tanga, paspoti saizi, kadi za harusi, mabango ya maulidi, na kazi zinazokuja sana ni zile za "mtoe huyu hapa muweke pale". Kwa kazi hizo natumia GIMP, programu ya kompyuta ya kuhariri picha, ya bure kabisa, unaishusha gimp.org, hakuna leseni ya kulipia wala kreki ya kukuletea virusi, na ipo tangu miaka ya 90, waliianzisha wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Naikubali sana, ila kwenye kupesti na kusogeza kuna vitu vinawakimbiza watu kabla hawajaizoea, ndo maana naandika.

Mwaka juzi alikuja mama mmoja na picha ya harusi ya binti yake, na picha ya marehemu mumewe kavaa kanzu na kofia ya kiua. Akaniambia mwanangu, naomba baba yake asimame hapa pembeni ya bi harusi. Nikamzungushia mzee mstari taratibu, Ctrl+C, nikahamia picha ya harusi, Ctrl+V, mzee akatokea katikati. Nikitaka kwenda leya nyingine (leya ni tabaka za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine) inagoma, nikibofya nje mzee anaganda palepale juu ya keki. Kumbe kwenye matoleo ya 2 ukipesti kitu kinakuwa kinaelea tu, kinasubiri uamue: ukibofya kialama cha nanga chini ya orodha ya leya kinagandia leya iliyopo, au unakipa leya yake. Kipe leya yake siku zote, ukishatia nanga kukitoa tena ni shughuli. Toleo la 3.0 lililotoka Machi 2025 wamelirekebisha hili, ukipesti inatengeneza leya mpya yenyewe, na kwangu hiyo peke yake inatosha mtu kuapdeti.

Kusogeza sasa. Kile kifaa cha mishale minne, ukikiacha kilivyokuja, kinashika leya yoyote iliyo chini ya mausi, yaani ukigusa penye uwazi, mfano kati ya mkono wa mzee na kanzu yake, inayosogea ni harusi nzima na mzee kabaki. Nenda kwenye seting zake uchague kihamishe leya uliyoishika tu, halafu malizia na vitufe vya mishale vya kibodi, anasogea pikseli moja moja, yaani vile vinukta vidogo vinavyounda picha, ndo nilivyopata kofia ya mzee ikakaa karibu na ushungi wa bi harusi bila kuugusa.

Na saizi jamani. Picha ya harusi ilikuwa na upana wa pikseli 4000, ya mzee ilitumwa WhatsApp ikafika na 600 hivi, nilipopesti mzee akawa kama mtoto mbele ya binti yake. Hapo programu haina kosa, inahamisha pikseli kama zilivyo, na ukimvuta awe mkubwa anapata ukungu, vile vitobo vya kofia vilivyoshonwa kwa mkono vikageuka madoa. Nikamuomba mama alete ile picha ya karatasi yenyewe, nikaiskani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), vitobo vikarudi vyote, hata mkunjo wa kola ukaonekana. Mama aliitazama ile kofia muda mrefu, akasema aliishona yeye.

Raba nayo ina mtego, kwenye picha ya jpg ukifuta pembeni inapaka rangi badala ya kuacha uwazi, mpaka ubofye leya kwa kulia uiongezee alfa chaneli, ile sehemu inayobeba uwazi wa picha. Na Ctrl+C inakopi leya uliyosimama tu, ukitaka yote yanayoonekana ni Ctrl+Shift+C.

Kasoro yake kubwa kwangu ni kuseva. Ukiseva kawaida inatoka faili ya xcf, nzuri kwa sababu leya zote zinabaki, lakini simu ya mteja haiifungui, picha ya kawaida unaipata kwa kueksporti. Niliwahi kumpa mtu xcf kwenye flashi akaenda kuprinti sehemu nyingine, akarudi juani na flashi yake mkononi. Siku hizi kila kazi naweka mbili, xcf inabaki kwangu, jpg inaenda na mteja.