TAHADHARI: Mnaopeleka watoto Italia, hiyo codice fiscale (namba ya kodi ya kule) msinunue, inatolewa bure

Wakuu habari zenu. Naandika bado nina hasira ila nimeona nisikae nayo moyoni, maana msimu wa watoto kuondoka ndo huu na najua kuna wazazi saa hizi washaombwa hela.

Kuna kishoka anazunguka kwenye magrupu ya wasap ya wanafunzi wanaokwenda Italia, anajiita ajenti wa viza na makaratasi, ofisi anasema iko Kariakoo ghorofani lakini ukitaka kwenda anakwambia mkutane mgahawani Posta. Ana heshima, anaongea taratibu, shikamoo mama, usiwe na wasi mama, nina mtu wangu wa ndani. Dada yangu akampa laki nne na nusu. Laki tatu alisema ni ya serikali ya Italia, laki moja ya stempu, elfu hamsini ya kwake.

Binti alikuwa kapata chuo Padova. Kishoka akamwambia mama yake kwamba bila codice fiscale mtoto akifika hapangi chumba, hafungui akaunti wala hasajili laini, na hapo wala hakudanganya, ile namba kule inaulizwa kila mahali, ni kama uchukue NIDA na TIN yetu uzifanye kitu kimoja. Uongo uko kwenye bei. Codice fiscale inatolewa na mamlaka ya kodi ya kule, Agenzia delle Entrate, na hawachaji hata senti, kama TRA wanavyotoa TIN bure hapa. Hakuna ada na hakuna stempu. Fomu yake inaitwa AA4/8, unaambatanisha na pasipoti, basi.

Siku ya tatu bodaboda akaleta bahasha, ndani kuna karatasi ya rangi yenye nembo na kikadi cha plastiki kimechapwa vizuri sana, sisi tukashukuru mpaka Mungu.

Mtoto kafika Padova, kapata chumba kwa mama mmoja mstaarabu tu, wakaandikiana mkataba. Sasa kule mkataba wa kupanga ukizidi siku 30 lazima usajiliwe kwa hao hao watu wa kodi, yule mama kaingiza namba ya mtoto mfumo unaikataa, kajaribu tena inakataa, akaogopa akaona huyu mgeni ana makaratasi ya kufoji. Chumba akapewa mtu mwingine. Binti wa miaka 19, nchi hajaijua, lugha hana, kalala hosteli ya kulipia kwa usiku siku tisa na begi lake, anampigia mama yake analia na sisi huku Tabata hatuna la kufanya. Hiyo ndo inayoniuma kuliko laki nne na nusu.

Alipokwenda mwenyewe ofisi ya Agenzia na pasipoti yenye viza akapewa namba siku hiyo hiyo, bure, na wakamwambia ile ya mwanzo haipo kwenye kumbukumbu zao kabisa. Alipozilinganisha akaona hata herufi haziko sawa.

Naeleza ujanja wenyewe ili mwelewe kwa nini watu wanaamini. Hiyo namba ina herufi na tarakimu 16 na haitungwi hovyo, inatokana na taarifa zako: herufi tatu za ukoo, tatu za jina, mwaka, herufi ya mwezi, siku ya kuzaliwa (mwanamke anaongezewa 40, aliyezaliwa tarehe 7 inaandikwa 47), halafu kwa aliyezaliwa nje ya Italia inakuja Z na tarakimu tatu za nchi yake, mwisho herufi ya kuhakiki. Kwenye intaneti zimejaa kalkuleta za kuipiga, dakika moja tu. Kishoka anapiga kwenye kalkuleta, anaingia steshenari anachapa na kulaminesheni. Kwa macho inaonekana halali, ila namba haiwi namba mpaka Agenzia waiandikishe.

Na kwa majina yetu ya Kibongo hata kupiga kwenyewe wanakosea, sababu wanaruka jina la kati. Tuseme mtu kwenye pasipoti majina yake ni Neema Juma kisha ukoo. Ukipiga Neema peke yake unapata NME, ukipiga Neema Juma kama ilivyo kwenye pasipoti unapata NJM. Ndo kosa lililomkuta wetu.

Kama mshapewa namba na mtu, msisubiri mtoto apande ndege. Kwenye tovuti ya Agenzia delle Entrate kuna sehemu ya kuhakiki, unaingiza namba na taarifa za mtu inakwambia kama ipo, haina malipo. Anayetaka kuipata kabla ya safari aulizie ubalozi wao hapa Dar, uko Upanga barabara ya Lugalo, balozi zao zinaruhusiwa kuitoa. Au mwulizeni mtoto aandikie chuo, vyuo vingi vinasaidia wageni. Na kile kikadi cha plastiki kinafanana na kadi yao ya bima ya afya, ambayo mtu anaipata akishajiandikisha afya kule kule, kwa hiyo mtu yeyote anayekukabidhi hiyo kadi ukiwa bado Dar ni mwizi.

Kishoka kashambloku dada. Namba yake tumeituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, na polisi tumefungua jalada, sababu kabaki na kopi ya pasipoti na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na hilo bado linatunyima usingizi. Juzi rafiki kaniletea skrinishoti, tangazo ni lile lile kwa namba mpya, sasa kaongeza na namba ya kodi ya Ujerumani. Mnaokwenda Ujerumani, ile ina tarakimu 11 na inaletwa kwa posta mpaka mlangoni, bure, ukishasajili makazi kule. Huku Dar hakuna wa kukuuzia.