Meta Business Suite na Buffer kwa mfanyabiashara mdogo: uzoefu wangu

Kwa biashara ya mtu mmoja au wawili, programu ya bure ya kupangia machapisho, ili yatoke yenyewe saa uliyoiweka, inatosha. Naanza na hilo kwa sababu naona wafanyabiashara wenzangu wakishawishika kulipia kila mwezi vitu ambavyo hata nusu yake hawatavigusa. Mimi nashona mikoba na mikanda ya ngozi na kuiuza mtandaoni. Picha napiga mwenyewe, maelezo naandika mwenyewe, wateja nawajibu mwenyewe, na nikishakaa kushona siwezi kuwa naacha kazi kila mara ili niposti. Nimetumia Meta Business Suite, programu ya Meta yenyewe, kampuni inayomiliki Facebook na Instagram, kwa muda mrefu kwa mitandao hiyo miwili, nikaongeza Buffer kwa mitandao mingine, na hapo katikati nililipia programu moja kubwa ambayo jina lake nitaliacha.

Meta Business Suite haina malipo. Unaunganisha ukurasa wako wa Facebook na akaunti ya Instagram uliyoibadilisha kuwa ya biashara, unaandaa chapisho, unachagua tarehe na saa, basi. Ipo kwenye simu na kwenye kompyuta, lakini kwa kupanga kazi ya wiki nzima nashauri kompyuta, maana kalenda ndiyo roho ya kitu chenyewe na kwenye kioo cha simu inabanana. Ukiitazama wiki yako yote kwa pamoja, kasoro zinajitokeza zenyewe: kuanzia Jumanne hadi Ijumaa kila chapisho linasema nunua, nunua, nunua, halafu Jumamosi na Jumapili kimya. Ukiwa unaposti moja moja kwa simu, mwenye kuliona hilo ni mfuasi wako, na yeye hakwambii. Anaacha tu kukufuata.

Kama huna hata hamu ya kufungua programu nyingine, Instagram yenyewe inakuruhusu kupanga machapisho ndani ya programu, ilimradi akaunti yako si ya kawaida bali ya kitaalamu. Unaweza kupanga hadi siku 75 mbele, na machapisho 25 kwa siku, idadi ambayo biashara ndogo haitaifikia kamwe. YouTube nayo unapakia video, unaiwekea saa, inabaki imefichwa mpaka muda wake ufike. X, zamani Twitter, ina kupanga kwake kwenye tovuti tangu 2020. Kwa hiyo kabla hujatoa hela yoyote, angalia kwanza kile ulichonacho tayari.

Buffer niliichukua kwa sababu ya foleni. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2010 na Joel Gascoigne, wakati huo ikiwa ya Twitter peke yake, na wazo lake la mwanzo bado ndilo linalonivutia: unaweka saa zako mara moja, mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa jioni, halafu kazi yako inakuwa kujaza foleni. Chapisho la kwanza linachukua nafasi ya kwanza iliyo wazi, la pili linafuata. Hufikirii tarehe tena. Mpango wa bure unakupa chaneli 3, yaani akaunti 3 za mitandao, na kila chaneli inabeba machapisho 10 yanayosubiri kwa wakati mmoja. Ukiposti mara 3 kwa wiki, hayo 10 ni zaidi ya wiki tatu za kazi. Nani mwenye biashara ndogo anahitaji zaidi ya hapo?

Jambo moja la Buffer wengi hawalitumii, nalo ni lile la kukumbushwa badala ya kupostiwa. Akaunti za biashara kwenye Instagram hazipati muziki wote ambao akaunti za kawaida zinaupata, kwa sababu za leseni, na video ukiipanga kupitia programu ya nje huwezi kuichomekea wimbo kutoka maktaba ya Instagram. Sasa kwa video fupi zinazohitaji sauti, naiambia Buffer inikumbushe. Saa ikifika, simu inaleta arifa, nafungua, maelezo yapo tayari kubandikwa, nachagua sauti, natuma. Ni nusu otomatiki, nusu mkono, na kwa Reels, yaani hizo video fupi za Instagram, naona ndiyo njia nzuri kuliko zote.

Usinakili maelezo yale yale kila mtandao, hata kama programu inakupa kitufe cha kufanya hivyo. X kwa akaunti isiyolipiwa inakubali herufi 280. Instagram inakubali 2,200 lakini linki ukiiweka kwenye maelezo haibonyezeki, inabaki maandishi tu. Facebook linki inabonyezeka. Halafu Instagram inaonyesha mstari wa kwanza na kipande, mengine yote yamejificha mpaka mtu abonyeze. Mstari wangu wa kwanza siku hizi hausemi "Habari za leo wapendwa wateja". Unasema "Mkoba huu unaingia kompyuta ya inchi 15 na chaja yake." Salamu zinakuja baadaye.

Na picha: tumia ya wima, uwiano wa 4 kwa 5, yaani pikseli 1080 kwa 1350. Tangu Januari 2025 ukurasa wa wasifu wa Instagram umeacha vile viboksi vya mraba, unaonyesha picha ndefu za uwiano wa 3 kwa 4. Ukiwa umeandika maneno juu ya picha, yaweke katikati, yasisogee pembeni, maana kile unachokiona wakati wa kupanga si lazima kiwe kile kitakachoonekana kwenye wasifu. Kwa upande wangu, picha inayoleta maswali mengi kuliko zote ni ya karibu sana: mshono wa ukingoni, uzi mmoja wenye sindano mbili unaopita kila tundu kutoka pande zote mbili. Picha ya mkoba mzima juu ya meza, watu wanaipa moyo na kupita. Ile ya mshono wanauliza.

Hapo ndipo nafika kwenye jambo ninalolijali kuliko yote.

Programu hizi zinapenda kukupendekezea saa nzuri ya kuposti, kwa kuangalia wafuasi wako wako hewani saa ngapi. Meta Business Suite inafanya hivyo bure. Nyingine zinakutoza kwa ajili ya kipengele hicho. Nimejaribu kuzifuata, na nimeacha. Ukiambiwa saa nzuri ni saa 7 mchana, na saa 7 mchana wewe una ngozi iliyopakwa gundi mkononi, chapisho litatoka vizuri kabisa na mteja atauliza "Rangi nyeusi ipo?" na hakuna atakayemjibu mpaka saa 11. Kufikia saa 11 ameshanunua kwa mtu mwingine, au hamu imeisha. Chapisho linajituma lenyewe. Jibu halijitumi. Mteja wa biashara ndogo ananunua kwa sababu anaongea na mwenye kazi, na hiyo ndiyo faida pekee tuliyonayo dhidi ya makampuni makubwa.

Kwa hiyo saa zangu nazichagua kwa kigezo kimoja: je, baada ya chapisho kutoka, nitakuwa na mikono mitupu na simu karibu? Kwangu ni asubuhi kabla sijaanza kazi, na jioni baada ya kufunga. Tena isitoshe, Instagram iliachana na mpangilio wa nani kaposti mwanzo nani mwisho tangu 2016. Chapisho la jana jioni mtu anaweza kulikuta leo mchana. Dakika yenyewe ya kuposti haina uzito ule tunaoambiwa, na sioni sababu ya mtu mwenye mtaji mdogo kulipia utabiri wa dakika.

Kinachosaidia upande wa majibu ni WhatsApp Business, nayo ya bure, iliyotoka Januari 2018. Nimeweka majibu ya haraka: naandika mkwaju na neno moja, mfano /saizi, na maelezo yote ya vipimo yanajitokeza, naongeza jina la mteja na kutuma. Ujumbe wa kutokuwepo nao nimeuweka kwa saa za usiku, ukitaja saa nitakayorudi. Stetasi naweka kwa mkono kila siku. Inadumu saa 24 tu, na watu wanaoitazama ni wale ambao tayari wana namba yangu, kwa hiyo hapo naonyesha kazi ikiwa mezani, haijakamilika. Hicho si kitu cha kupangwa wiki mbili kabla.

Sasa ile programu ya kulipia. Ilikuwa na takwimu nzuri za kupendeza, michoro ya rangi, ripoti ya kurasa nyingi kila mwisho wa mwezi. Nilibadilisha nenosiri la Facebook kwa ajili ya usalama, na machapisho ya wiki nzima hayakutoka. Kitaalamu sababu inaeleweka: programu ya nje inaposti kwa ufunguo wa idhini uliopewa na mtandao, na ukibadilisha nenosiri, ufunguo ule unakufa. Hilo linaweza kutokea kwa programu yoyote ya nje. Kilichoniudhi ni kwamba kalenda iliendelea kuonyesha kila kitu kiko sawa, onyo lilikuja kwa baruapepe moja tu iliyochanganyika na za matangazo, na nilipoandika kuomba msaada nikajibiwa kwa maelezo ya jumla ambayo hayakugusa swali langu. Huku malipo ya mwezi uliofuata yakakatwa kwa wakati, bila kuchelewa hata siku. Nikaondoka. Tangu hapo, kila nikigusa nenosiri naunganisha akaunti upya siku hiyo hiyo, na kila Jumatatu naangalia kwa macho yangu kama chapisho la kwanza la wiki limetoka kweli.

Programu za kulipia zina watu wake, nakubali. Kama mko watu wanne mnaojibu inboksi moja, na kuna bosi anayetaka kuidhinisha kila chapisho kabla halijatoka, lipieni, zitawaondolea ugomvi. Kwa fundi na simu yake, hapana.

Na hata ya bure usiitegemee kama ghala. Hootsuite, programu nyingine ya kupangia machapisho ambayo iko sokoni tangu 2008, iliondoa mpango wake wa bure mwaka 2023, na waliokuwa wakiutumia ikabidi walipe au wahame. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima kwa pamoja kwa saa zipatazo sita, dunia nzima, kwa sababu ya kosa lililofanyika kwenye mipangilio ya mtandao wao wenyewe. Maelezo yangu yote ninayaandika kwanza kwenye jedwali la kawaida: tarehe, jina la faili la picha, maelezo, mtandao, na safu ya mwisho ya kuandika "limetoka". Programu inapokea nakala. Asili inabaki kwangu.

Kasoro kubwa ya kupanga mbele, ambayo sijaona programu inayoitatua, ni kwamba chapisho halijui kilichotokea jana. Kukiwa na msiba mkubwa ambao kila mtu anauzungumzia, chapisho lako la "Wikiendi ya furaha!" litatoka vile vile saa yake ikifika, na watu wataona huna utu. Buffer hapa ina nafuu, kwani unaweza kusimamisha foleni ya chaneli nzima. Kwenye Meta Business Suite nafungua moja moja na kusogeza tarehe, kazi inayochosha lakini inafanyika. Tatizo la pili ni la kila siku zaidi: bidhaa imekwisha na tangazo lake bado linakuja. Kwa sisi tunaotengeneza kwa mkono, mkoba mmoja ni mkoba mmoja. Ukiuzwa Jumatatu na tangazo likatoka Alhamisi, utatumia jioni nzima kuomba radhi.

Nimeigawa kazi sehemu mbili. Machapisho ya kuelimisha nayapanga mapema hata wiki tatu: ngozi ikilowa ikaushie kivulini, mbali na jua kali na moto, maana inakakamaa na kupasuka, usiihifadhi kwenye mfuko wa plastiki, inahitaji hewa, ukiweka mkoba kabatini ujaze karatasi ndani usipoteze umbo. Haya hayaharibiki yakichelewa, na ndiyo ambayo watu wanayahifadhi, nikiangalia takwimu. Machapisho ya kuuza hayavuki siku tatu mbele. Mkoba ukinunuliwa, kabla sijaufunga kwa ajili ya kusafirishwa, nafungua kalenda na kutafuta kama una chapisho linalosubiri, nalifuta, na nafasi yake naweka kitu kingine kutoka kwenye jedwali.