Vifaranga wa tetea na vifaranga wa bruda

Baridi ya Juni hapa Mafinga inatusukuma wengi kulea vifaranga kwenye bruda, yaani sehemu iliyozibwa na kupashwa joto kwa taa au jiko la mkaa. Wa tetea wana mwalimu. Mtazame: anaparura chini ya mabua ya mahindi, anadonoa mchwa, anamwangusha, anamdonoa tena huku akiita ko-ko-ko, na vifaranga wanakimbilia palepale mdomo ulipogusa. Wa bruda hudonoa chochote, hata maranda. Mimi huwatandikia gazeti, namwaga chakula kidogo, kisha nagonga kwa ncha ya kidole. Mmoja akianza kula, wenzake wanamwiga. Bruda inabeba wengi, na mwewe hafiki. Ila kuku wa kujitafutia shambani, nawaachia tetea.