Nikkei au chifa: uagize nini kwenye mgahawa wenye muziki?

Mapishi yote mawili yalizaliwa Peru, vyakula vya huko vilipokutana na vya wahamiaji. Wachina walianza kufika huko mwaka 1849, Wajapani mwaka 1899, wengi wao wakiwa vibarua wa mashambani.

Nikkei, mkono wa Kijapani, hutegemea kisu. Kwenye sahani iitwayo tiradito, samaki mbichi hukatwa vipande vyembamba kama sashimi, samaki mbichi wa Kijapani, kisha humwagiwa maji ya ndimu na pilipili ya manjano muda mfupi tu kabla ya kuliwa. Akikawia, ndimu humkaza na ule ulaini wake hupotea. Ndiyo maana nasisitiza: agizeni mapema, kabla muziki haujapanda na watu kuinuka kucheza. Inauma kuona sahani ya namna hiyo ikisahaulika mezani.

Chifa, mkono wa Kichina, ni moto mkali. Kwenye lomo saltado, nyama ya ng'ombe, vitunguu na nyanya hurushwa karaini na sosi ya soya, kisha huletwa na chipsi na wali kwa pamoja. Hushibisha, na hugawanyika vizuri.

Mkiwa wawili, ningechagua nikkei. Mkiwa kundi la kukesha, chifa bila kusita.