Kutibiwa gono kituo cha afya badala ya duka la dawa: uzoefu wangu

Sisi watu wa mialoni, kule mitumbwi ya uvuvi inakotia nanga, tukinunua injini ya mtumbwi au taa za karabai tunaulizana mpaka usiku wa manane: ipi inadumu, nani ana bei nzuri. Ila ukipata gono unaenda zako kimyakimya duka la dawa, unamalizana nalo huko, hakuna wa kumuuliza. Ndiyo maana naandika. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa, nanunua visiwa vya Ziwa Victoria nauza soko la Kirumba, Mwanza. Huduma ninayoieleza ni ya magonjwa ya zinaa kwenye kituo cha afya upande wa Sengerema. Jina la kituo nakaa nalo, kwa sababu nina ya kukisifu na ya kukilalamikia.

Dalili zilikuwa zile mnazozijua: mkojo unachoma, asubuhi usaha. Duka la karibu na mwalo wanakupa sipro (ciprofloxacin, antibayotiki) bila hata kukuuliza unaumwa nini, unaondoka. Lakini sipro kwa gono imeshachoka. Wadudu wameizoea karibu dunia nzima, na Shirika la Afya Duniani limeacha kuipendekeza kwa ugonjwa huu. Unachopata ni nafuu ya kupita, usaha unapungua, unajiona mzima, kumbe bado unagawa.

Kituoni nilipokelewa na nesi mtu mzima. Nikamwamkia, akaitika marahaba, kisha akaniuliza, "Una shida gani, mwanangu?" kwa sauti iliyofika hadi benchi la wajawazito. Na chumba chenyewe hakina mlango, kina pazia. Nikisema faragha naipa alama mbili kati ya kumi, hizo mbili ni za lile pazia. Mwanaume aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alisikia swali lile akainuka akaondoka. Sijui alikuwa na tatizo gani, ila nadhani duka la dawa lilipata mteja.

Nyuma ya pazia mambo yakabadilika. Maswali yalikuwa ya mtu anayejua kazi yake. Kuna kidonda? Korodani zinauma? Kuna damu kwenye mkojo? Hilo la damu alikuwa anatafuta kichocho cha kibofu, ambacho wenzetu wa madimbwi na majaruba ya bara wanakipata sana, na wengine hudhani ni gono. Akanikagua, akanichoma sindano moja ya takoni, akanipa vidonge nikavimeza hapo hapo mbele yake kwa kikombe cha plastiki. Dawa mbili kwa mpigo, moja ya gono na nyingine ya klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, maana kwa macho huwezi kuzitofautisha na mara nyingi hutembea pamoja. Maabara sikupelekwa. Gharama haikuzidi nilizowahi kusikia wenzangu wakitozwa dukani.

Najua kuna atakayesema kutibu bila maabara ni kubahatisha. Basi ajue kwamba utaratibu huu wa kutibu kwa dalili ulifanyiwa jaribio kubwa hapa hapa mkoani Mwanza, kati ya 1991 na 1994. Walichukua jamii 12 za vijijini, wakazipanga jozi 6. Upande mmoja wa kila jozi, wahudumu wa zahanati na vituo vya afya wakafundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa dalili, dawa zikahakikishwa hazikatiki, na wasimamizi wakawa wanapita. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU kwenye jamii zilizopata huduma hiyo yalikuwa watu 1.2 kwa kila 100, na kwenye zile nyingine 1.9. Yaani pungufu kwa karibu asilimia 40. Matokeo yalitoka 1995 na dunia ikayasoma. Sababu yake haina uchawi: usaha na vidonda vya sehemu za siri vinarahisisha VVU kuingia na kutoka, ukivitibu mapema unabana njia.

Jaribio jingine la kutibu magonjwa ya zinaa, la Rakai, Uganda, lililotoka 1999, lenyewe halikupunguza VVU. Kule walipita nyumba kwa nyumba wakigawa dawa kwa wote kila baada ya miezi kadhaa, na tena VVU ilikuwa imeshaenea muda mrefu zaidi. Mimi si mtaalamu, lakini hapo naona kitu: gono haisubiri ratiba ya mtu. Anayeumwa leo atibiwe leo.

Pale njia hii inapokwama ni kwa wanawake. Mwanaume usaha unamuumbua. Mwanamke anaweza kukaa na gono au klamidia muda mrefu asihisi chochote, na uchafu ukeni mara nyingi ni mambo mengine kabisa. Kwa hiyo kila kitu kinategemea kale kakaratasi ka kumpelekea mwenza ili naye akatibiwe, kenye namba tu, ugonjwa haujaandikwa. Nikapewa kamoja. Nikaomba ka pili. Nesi hakucheka wala hakunitazama usoni, akachana kengine akaandika namba ile ile. Kwa hilo tu nampa kumi juu ya kumi.

Ila yule mwenza wangu wa kisiwani alipokwenda nako kwenye zahanati ya huko, aliambiwa akarudishe kalikotoka. Avuke ziwa, alipe nauli, afunge biashara, wakati namba ipo na dawa ni zile zile! Ilibidi apigiwe simu nesi wangu ndipo wakamhudumia. Mwingine asiye na namba ya nesi angefanyaje?

Nilipimwa pia kaswende na VVU, tone la damu kidoleni, bure, na majibu ya VVU yakatoka ndani ya robo saa. Sikuwa nayo. Lakini nesi akaeleza kwamba maambukizi ya karibuni yanaweza yasionekane bado, nirudi baada ya miezi mitatu. Akanieleza na mengine ambayo duka la dawa halijawahi kumweleza mtu: kwamba kuna dawa za dharura za kuzuia VVU, lakini lazima uzianze ndani ya saa 72, na kuna PrEP, dawa ya kuzuia VVU ya kumeza kabla, kwa mtu ambaye mazingira yake yanamweka hatarini. Watu wa mialoni tumo.

Halafu akaandika tarehe ya kurudi. Nikamwambia, "Mama, hiyo tarehe ni giza." Akashangaa, "Giza gani?" Hakuwa mwenyeji. Ikabidi nimweleze kwamba dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, kwa hiyo siku hizo mwalo wote uko majini au unaanika. Mbalamwezi ikipevuka ndipo mitumbwi inapumzika, watu wanalipwa, gesti zinajaa, na ndipo mtu ana muda wa kwenda kliniki. Gono nayo inapata usafiri siku hizo hizo. Akahesabu upya kwenye kalenda ya ukutani, akasogeza.

Hapo ndipo nilipo na lalamiko kubwa kuliko hata la pazia. Kituo kilichozungukwa na ziwa kinapanga tarehe kama kiko Dodoma. Wenzetu wanaotumia ARV wameshapunguziwa mzigo huu: aliyetulia kwenye dawa anapewa za miezi mitatu, wengine hata sita, kidonge kimoja kwa siku, anazama nazo kisiwani. Na akizimeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenza kwa ngono. Kambini mtu wa namna hiyo ni salama kuliko sisi tusiopima. Huo ujanja wa miezi mingi unaendana na wavuvi wanavyoishi. Kliniki ya zinaa bado haijauliza tunaishije.

Nilipewa pia kifaa cha kujipima VVU cha kumpelekea mwenza. Sheria iliruhusu kujipima mwaka 2019. Unapitisha kijiti kwenye ufizi, juu mara moja na chini mara moja, unakitumbukiza kwenye kichupa, unasubiri dakika 20. Usisome baada ya dakika 40. Mistari miwili maana yake nenda kituoni ukathibitishe. Na anayetumia ARV asikitumie, kinaweza kumdanganya.

Ukienda, uliza kwanza siku ya kliniki ya wajawazito ni ipi, uende siku nyingine. Omba karatasi za wenza kwa idadi halisi. Chukua na namba ya simu ya nesi kabla hujavuka.