Mtego wa panya ulioninasa London: uzoefu wangu wa kutazama The Mousetrap

Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo, na methali hiyo ndiyo iliyonijia pazia lilipofunguliwa katika ukumbi wa St Martin's, mjini London, nilipokwenda Novemba 2023 kutazama tamthilia ya Agatha Christie, mwandishi Mwingereza wa visa vya mauaji, ambayo hata jina lake lina maana hiyo hiyo. Watu saba wamekwama katika nyumba ya wageni iitwayo Monkswell Manor, theluji imeziba njia, redio imetangaza kwamba mwanamke ameuawa London, kisha anafika wa nane, Sajini Trotter wa polisi, akiwa amevaa skii, zile mbao za kutelezea juu ya theluji. Tangu hapo hakuna anayebaki msafi machoni pa mtazamaji, wala wenye nyumba wenyewe.

Nilifuatana na mama mdogo, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Kabla ya kuingia alisimama muda mrefu mbele ya kibao cha mbao kinachoonyesha idadi ya maonyesho, ambayo siku ile ilikuwa imepita 29,000, akaniuliza, "Mwanangu, hawa watu hawachoki?" Nilimweleza kwamba mchezo ulianza London tarehe 25 Novemba 1952 katika ukumbi wa jirani, Ambassadors, ukahamia hapa mwaka 1974, na kwamba korona ndiyo iliyousimamisha Machi 2020 hadi Mei 2021. Waigizaji hubadilishwa kila baada ya muda, kwa hiyo anayecheza leo hajachoka kama tunavyodhani. Trotter wa kwanza alikuwa Richard Attenborough, na mkewe, Sheila Sim, alicheza kama Mollie, mwenye nyumba. Kilichosalia kutoka jukwaa la mwanzo ni saa iliyo juu ya meko, pamoja na sauti ya mwigizaji Deryck Guyler iliyorekodiwa, ambayo mpaka leo ndiyo inayosoma habari za mauaji redioni. Kuisikia sauti ya mtu aliyefariki mwaka 1999 ikituletea habari kana kwamba ni za jioni ile kulinisisimua kuliko kelele yoyote ya gizani.

Sehemu ya kwanza huenda polepole, kwa sababu kila mgeni huingia peke yake, huvua koti na kujieleza, na Kiingereza chenyewe ni cha zamani na cha haraka. Namshauri yeyote anayempeleka mtu asiyekizoea Kiingereza hicho amfundishe kwanza majina ya wahusika wote wanane. Mimi nilifanya hivyo ndani ya treni, na wakati wa mapumziko mama mdogo alikuwa tayari na mshukiwa wake, akilitetea chaguo lake kwa hoja nzito kuliko zangu. Kuhusu tiketi, nilikosea kununua kwa wakala mmoja wa mtandaoni, ambaye alinitoza ada kubwa juu ya bei. Nilipouliza dirishani pale ukumbini niliambiwa kwamba viti vya safu ile ile vilikuwa nafuu zaidi.

Hata hivyo, jambo ninalotaka hasa lifahamike ni kwamba huu si mchezo wa kubahatisha muuaji tu. Christie aliuandika kwanza kama mchezo mfupi wa redio, uliorushwa na BBC mwaka 1947 Malkia Mary, mama wa Mfalme George wa Sita, alipotimiza miaka 80, na chanzo chake ni kisa cha kweli cha Dennis O'Neill, mtoto wa miaka 12 aliyekabidhiwa kwa walezi katika shamba moja huko Shropshire, Uingereza, akafa Januari 1945 kwa kuteswa na kunyimwa matunzo. Watoto walioteswa shambani hutajwa mapema katika mchezo, kwa hiyo sijafichua lolote; lakini ukilibeba jambo hilo moyoni, utaona kwamba kila mtu ndani ya sebule ile anaulizwa alikuwa wapi mtoto alipohitaji msaada. Mama mdogo, ambaye amewalea watoto watatu wa marehemu kaka yake, alinyamaza kabisa pale barua ya mtoto ilipozungumzwa, akanishika mkono na hakuuachia mpaka mwisho. Kwangu mimi, waigizaji waliolicheza jambo hilo kwa utulivu, bila kupaza sauti, walistahili makofi yote waliyopigiwa.

Baada ya makofi, mwigizaji mmoja alitusogelea na kutuomba tusimwambie mtu yeyote muuaji ni nani. Usiku ule mama mdogo alimpigia simu mama yangu Tanga, akamsimulia kila kitu: theluji, saa ya mekoni, wageni mmoja mmoja na mienendo yao, kwa karibu saa nzima. Alipofika mahali penyewe alisita, nikamsikia akisema, "Hapo dada unisamehe, tumeombwa tusiseme."